Kila mita nne, maiti mmoja

Treni ya abiria hutoka stesheni ya Thonburi, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Bangkok, kila siku asubuhi, na mchana inakuwa imefika Nam Tok, mwisho wa reli. Mabehewa ni ya daraja la tatu, madirisha wazi, wachuuzi wanapita katikati na vyakula vyao. Abiria aliyezoea treni ya Kigoma asingeona kitu kigeni sana, maana hata upana wa reli ni ule ule wa mita moja tunaoujua kwenye Reli ya Kati na kwenye ile ya zamani ya Mombasa hadi Kampala. Kabla ya kufika mwisho, treni hupunguza mwendo mara mbili. Kwanza ni kwenye daraja la chuma la Kanchanaburi, ambako watalii hujibanza pembeni wakiwa na simu mkononi. Kisha ni Tham Krasae, ambako reli imebandikwa kwenye jabali juu ya nguzo za magogo, na ukitoa kichwa dirishani huoni ardhi chini yako, unaona mto.

Reli hii ilijengwa kati ya katikati ya 1942 na Oktoba 1943. Ilikuwa na urefu wa kilomita 415, kutoka Ban Pong nchini Thailand hadi Thanbyuzayat nchini Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar. Walioijenga kwa amri ya jeshi la Japani walikuwa mateka wa vita zaidi ya 60,000 pamoja na vibarua wa Kiasia wasiopungua 180,000, na wapo wanaosema vibarua hao walivuka robo milioni. Mateka waliokufa ni 12,000 na ushei. Vibarua waliokufa hakuna aliyewahesabu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 90,000. Gawanya maiti hao kwa urefu wa reli, unapata mmoja kila mita nne. Waliotoka hai waliiita Reli ya Mauti, na jina halijabanduka.

Kinachonishughulisha mimi ni tofauti ya hesabu hizo mbili. Ya kwanza ina majina, namba za jeshi, tarehe na ugonjwa uliomuua kila mmoja. Ya pili ni ya kukisia, tena kwa kuzungusha hadi elfu kumi. Wote walikufa kwenye tuta lile lile, katika mvua zile zile, wengi kwa ugonjwa ule ule.

Jeshi lililohitaji kula

Japani iliingia kwenye vita kuu Desemba 1941, na ndani ya nusu mwaka ikawa imeteka Hong Kong, Malaya, Singapore, Ufilipino, visiwa vya Waholanzi ambavyo leo ni Indonesia, na Burma. Jeshi lililokuwa Burma lilitegemea meli zilizopita Mlango wa Malaka hadi bandari ya Rangoon. Juni 1942 Wajapani walipigwa vibaya huko Midway wakapoteza meli nne za kubebea ndege, na nyambizi za maadui zikawa tishio kwa kila meli ya mizigo. Ikabidi itafutwe njia ya nchi kavu.

Waingereza, waliokuwa wakiitawala Burma, walishaiangalia njia hiyo tangu karne ya 19 wakaiacha: milima, msitu wa mianzi, masika ya miezi kadhaa na malaria. Wajapani nao waliipima kabla ya vita, kwa hiyo ugumu wake waliujua. Ila sasa walikuwa na kitu ambacho Waingereza hawakuwa nacho, yaani watu kwa maelfu ambao wasingeweza kusema hapana.

Singapore ilianguka Februari 15, 1942. Wanajeshi zaidi ya 80,000, Waingereza, Waaustralia na Wahindi, waliweka silaha chini kwa mpigo mmoja. Mwezi uliofuata wakafuata Waholanzi wa Java. Japani ilikuwa imetia sahihi mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu mateka lakini haikuuridhia, na kwa maofisa wake wengi askari aliyejisalimisha alikuwa ameshajivua heshima. Mateka wakawa nguvu kazi ya bure.

Walipoanza kuhamishwa kutoka gereza na kambi za Changi, Singapore, wengi waliambiwa wanapelekwa mahali pa hewa nzuri na chakula tele. Kikosi kilichopewa jina F, watu 7,000, kilitoka Singapore Aprili 1943 kikiwa na wagonjwa wengi ndani yake, kwa kuwa waliahidiwa kuwa huko watapata nafuu. Hata vyombo vya muziki vilibebwa. Walisafiri kwa siku kadhaa wamesongamana ndani ya mabehewa ya chuma ya mizigo, wakashushwa Ban Pong, na kutoka hapo wakatembezwa usiku kwa usiku kiasi cha kilomita 300 kuelekea mpakani, mvua zikiwa zimeshaanza. Ndani ya mwaka mmoja zaidi ya 3,000 kati yao walikuwa wamezikwa.

Nyundo na tindo

Kazi yenyewe ilikuwa ya mkono. Tembo walikuwepo wa kuburuta magogo, lakini mashine zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Tuta liliinuliwa kwa majembe, udongo ukabebwa kwa vikapu au kwa gunia lililofungwa kwenye miti miwili ya mianzi, mtu mbele, mtu nyuma. Mwanzoni kila mtu alipimiwa mita moja ya ujazo kwa siku. Baadaye kipimo kikapanda hadi mbili na kuzidi, huku wachimbaji wakizidi kukonda. Madaraja zaidi ya 600 yalijengwa, mengi yakiwa ya miti iliyokatwa hapo hapo msituni. Reli za chuma ziling'olewa kwenye njia nyingine: Malaya, Java na Burma kwenyewe.

Mahali palipovunja watu kuliko pote ni Konyu, ambako njia ilipaswa kupasua mwamba. Watu walifanya kazi wawili wawili. Mmoja anaishika tindo ndefu wima juu ya jiwe, mwenzake anaipiga kwa nyundo ya kilo tatu na nusu hivi. Pigo likitua, aliyeshika anaizungusha tindo kidogo isije ikanasa, kisha pigo jingine. Maji kidogo yanamiminwa tunduni, vumbi linakuwa tope, tope linachotwa kwa waya uliopondwa ncha ikawa kama kijiko. Anayeshika hatazami kingine ila ile chuma, akiomba mwenzake, mwenye homa na aliyekula wali mtupu tangu alfajiri, asikose shabaha. Kiwango kilianza na mita moja ya tundu kwa siku kwa kila jozi, kikapanda hadi mbili, kikafika tatu. Matundu yakitimia, yanashindiliwa baruti. Mwamba ukishapasuka, kundi jingine linaingia kuokota mawe na kuyatupa bondeni, wengi wao miguu mitupu, maana viatu vilikuwa vimeozea kwenye tope zamani.

Kazi ya hapo ilianza Aprili 1943 na kuendelea hadi Agosti, mchana na usiku kwa zamu. Usiku waliwasha mioto ya mianzi na taa za mafuta. Aliyesimama juu ya ukingo akatazama chini, kina cha mita 25 hivi, aliona watu waliobaki mifupa wakigonga chuma katikati ya moshi na ndimi za moto. Mateka wakapaita Hellfire Pass, Mpenyo wa Moto wa Jehanamu.

Haraka hiyo ilitoka Tokyo. Mpango wa awali ulikuwa reli imalizike mwisho wa 1943, lakini mapema mwaka huo ikaja amri ya kupunguza miezi kadhaa. Walinzi wakawa na wimbo mmoja tu, "Speedo! Speedo!", na mateka wakakipa kipindi chote kile jina hilo. Saa za kazi zilifika 16 hadi 18. Asubuhi mhandisi wa Kijapani alitaja idadi ya watu aliowahitaji, na ikipungua, walinzi waliingia kwenye hema la wagonjwa kuijazia. Daktari wa kambi alisimama mlangoni kubishana nao mgonjwa mmoja mmoja, na mara nyingi kilichomwangukia ni kipigo.

Kijiko, msumeno na mwanzi

Wengi huamini mateka waliuawa kwa risasi na marungu. Wapo waliokufa hivyo, lakini waliowamaliza wengi ni njaa na maradhi yaliyoandamana nayo: malaria, kuhara damu, beriberi na, kuanzia katikati ya 1943, kipindupindu. Na donda ndugu. Mwiba wa mwanzi unakukwaruza mundi, kesho ni kidonda, wiki ijayo nyama imeoza na mfupa unaonekana. Dawa hakuna. Madaktari walikuwa wakikwangua nyama iliyokufa kwa kijiko kilichonolewa kingo, bila ganzi, watu wanne wakimshika mgonjwa. Ikishindikana, mguu unakatwa. Albert Coates, daktari mpasuaji kutoka Australia, alikata miguu zaidi ya 100 kwenye kambi moja ya upande wa Burma, akitumia msumeno wa kukatia nyama na ganzi iliyotengenezwa na mkemia wa Kiholanzi palepale kambini.

Kwa kipindupindu walibuni dripu: maji yaliyochemshwa na kuchujwa, chumvi ya jikoni, mpira uliochomolewa kwenye kifaa cha daktari cha kusikilizia mapigo ya moyo, na sindano iliyochongwa kwa mwanzi. Iliokoa watu. Kilichookoa wengi zaidi hakina ufundi wowote: amri kwamba hakuna mtu kunywa maji ambayo hayajachemshwa, kila chombo cha kulia kitumbukizwe kwenye maji yanayotokota, vyoo vichimbwe mbali na mto. Amri hiyo iliwezekana kwa sababu mateka walibaki jeshi. Walikuwa na maofisa, madaktari, makoplo wa kusimamia foleni. Naomba msomaji alishike hilo, tutalirudia.

Msaada wa nje ulikuwepo, wa kichochoro. Mfanyabiashara wa Kanchanaburi aliyeitwa Boonpong Sirivejjabhandu alikuwa na zabuni ya kupeleka vyakula kwenye kambi kwa mashua. Chini ya mboga na mayai ya bata alificha dawa, pesa na betri za redio. Angekamatwa asingeuliziwa tena. Edward Dunlop, daktari Mwaustralia ambaye kwao leo ana sanamu, alimkumbuka mtu huyo hadi uzeeni.

Hapa lazima niitaje ile filamu, maana wengi wetu tuliijua reli hii kwa mluzi wa askari wanaoingia kambini kwa maringo. *The Bridge on the River Kwai* ya 1957 ilipigwa Ceylon, sasa Sri Lanka, na ilitokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle. Ni filamu nzuri na ni uzushi karibu mwanzo hadi mwisho. Ofisa mkuu wa mateka kwenye daraja la kweli, Luteni Kanali Philip Toosey, hakuipenda kazi ya adui wala hakujivunia. Watu wake walikusanya mchwa wakawapandikiza kwenye nguzo za daraja la miti. Daraja la chuma nalo halikuwa juu ya mto Kwai. Lilikuwa juu ya Mae Klong, na watalii walipoanza kumiminika wakiulizia Kwai yao, serikali ya Thailand katika miaka ya 1960 ikalibatiza upya eneo hilo la mto likaitwa Khwae Yai. Biashara ikaendelea.

Waliotoka kwenye mpira

Katika filamu ile vibarua wa Kiasia huwaoni. Kwenye reli yenyewe walikuwa watatu, pengine wanne, kwa kila mateka mmoja.

Kundi moja kubwa lilitoka Malaya, na wengi wao walikuwa Watamili ambao Waingereza waliwaleta kutoka kusini mwa India kugema mpira. Mtu wa Tanga au Kilosa angeuelewa ulimwengu wao bila kuelezwa sana: kambi za mabanda ya mstari mmoja, nyapara anayetoka kijiji chenu, duka la shamba linalokukopesha hadi mshahara unaisha kabla haujafika, sawasawa na manamba wa mkonge. Japani ilipoiteka Malaya, soko la mpira likafa siku hiyo hiyo. Mashamba yakafungwa, mchele ukaadimika, familia zikalala njaa.

Ndipo yakaja matangazo: kazi ya miezi mitatu, dola moja kwa siku, nyumba, chakula, matibabu bure. Wa kwanza walikwenda kwa hiari, wengine na wake na watoto. Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyerudi, na tetesi zikasambaa. Tangu hapo watu wakaanza kukamatwa. Mashamba yalipangiwa idadi ya kutoa. Malori yaliwazoa watu barabarani. Walialikwa kwenye sinema ya bure, na taa zilipozimwa milango ikafungwa na kufunguliwa kuelekea stesheni. Java ilitoa maelfu yake kwa njia kama hizo. Burma, ambako Ba Maw aliongoza serikali chini ya mkono wa Wajapani, ilitoa kikosi kilichopewa jina la Jeshi la Jasho, na wakuu wa vijiji ndio walioamua nani aende. Maskini asiye na cha kuhonga akaenda.

Hawa hawakuwa na daktari. Hawakuwa na koplo wa kupiga marufuku maji mabichi wala wa kuwapanga wachimba vyoo. Walizungumza lugha tofauti na walinzi wao, mara nyingine hata na jirani zao wa banda. Kipindupindu kilipoingia kambini mwao, wenye nguvu walikimbilia msituni, na wengi wakafia huko huko au wakakipeleka kwenye kambi iliyofuata. Mateka waliopita wameeleza kambi ambazo hai na wafu walilala pamoja na hapakuwa na mtu wa kuchimba kaburi. Wajapani wenyewe walishtuka, kwa kuwa kazi ilikuwa inasimama, wakawatuma mateka kutoka Singapore, madaktari na wahudumu 300 na ushei, waende kuwahudumia. Walifika Juni na Agosti 1943. Watu 300 kwa umati ule, kwenye mamia ya kilomita za tope, walikuwa wachache kupita kiasi, na walinzi wengi waliwatumia kuzika.

Katikati ya hao wote walikuwepo Wakorea. Korea ilikuwa koloni la Japani, na vijana wake walipelekwa kulinda mateka wakiwa ngazi ya chini kabisa ya jeshi, wakipigwa na Wajapani na wao wakiwapiga mateka. Yi Hak-rae alikuwa na umri wa miaka 17 alipochukuliwa na kupelekwa kambi ya Hintok, ambayo Dunlop alikuwa daktari wake. Baada ya vita mahakama ya kijeshi ya Waaustralia huko Singapore ilimhukumu kunyongwa mwaka 1947. Adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo. Wakorea 148 walitiwa hatiani kwa makosa ya namna hiyo, 23 wakauawa. Waliotoka gerezani walikuta Korea haiwataki kwa kuwa walimtumikia Mjapani, na Japani haiwalipi fidia kwa kuwa si Wajapani tena. Yi alimwomba Dunlop radhi ana kwa ana mwaka 1991, na aliendelea kuidai serikali ya Japani hadi alipofariki 2021, akiwa na miaka 96. Sijui kama ningempa mkono mlinzi wa Hintok. Madai yake kwa Tokyo naona yalikuwa ya haki.

Daftari

Vyuma vya mwisho vya reli viliunganishwa Konkoita, Oktoba 17, 1943. Siku nane baadaye kichwa cha treni aina ya C56 kilipita kwa sherehe. Kimoja cha aina hiyo, kilichofanya kazi kwenye njia hii, leo kimesimama ndani ya makumbusho ya hekalu la Yasukuni, Tokyo, kimepakwa rangi na kung'arishwa.

Septemba 1945, wiki chache baada ya Japani kusalimu amri, kikundi kidogo cha wanajeshi wa nchi Washirika zilizoishinda Japani kilipanda treni kwenda kutafuta makaburi ya wenzao. Mikononi walikuwa na orodha. Kambi za mateka zilikuwa zimeweka kumbukumbu, mara nyingi kwa siri: jina, namba, kikosi, tarehe, ugonjwa, mstari gani wa makaburi. Karatasi zilifichwa ndani ya mianzi, zikafukiwa kwenye makopo, nyingine zikazikwa pamoja na maiti. Kikundi kile kilikuwa na makaburi 10,549 ya kutafuta katika viwanja 144 vya maziko, vingine vikiwa vimeshamezwa na msitu. Kilishindwa kuyapata 52 tu.

Leo mifupa hiyo imekusanywa mahali patatu. Makaburi ya Kanchanaburi yana karibu watu 7,000, Chungkai ng'ambo ya mto wapo kama 1,700, na Thanbyuzayat upande wa Myanmar wapo zaidi ya 3,700. Wamarekani walirudishwa kwao. Nyasi zimepunguzwa, maua yamepandwa, karibu kila jiwe lina jina.

Vibarua hawakuwa na orodha ya kushika mkononi. Wajapani waliweka idadi za waliofikishwa, si majina ya waliokufa, na nyaraka nyingi ziliteketezwa vita ilipokwisha. Hata idadi inayumba, maana aliyetoroka na aliyekufa walionekana sawa kwenye hesabu ya asubuhi: wote hawapo. Mwaka 1990 watu waliokuwa wakichimba kwenye shamba la miwa mjini Kanchanaburi walikuta mifupa ya mamia ya watu imelundikwa pamoja. Wajapani wenyewe walisimamisha mnara karibu na daraja mwaka 1944 kwa ajili ya waliokufa, na maneno yake yamechongwa pia kwa Kitamili na Kimalei. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kwa miongo mingi kumbukumbu ya wazi kabisa ya vibarua hao iliwekwa na waliowaua. Miaka ya karibuni Wamalaysia wenye asili ya Kihindi, wajukuu wa wagema mpira, wamekuwa wakikusanya simulizi za wazee na wamefanikiwa kuweka jiwe la kumbukumbu kwenye hekalu moja mjini humo.

Reli yenyewe ilipata bei. Thailand iliinunua kutoka kwa Washirika kwa pauni milioni moja na robo. Kipande cha mpakani Waingereza walikwisha kuking'oa, upande wa Burma ukarudi msituni, na ikabaki sehemu ya kilomita 130 hivi hadi Nam Tok, ambayo ndiyo treni ya asubuhi inapita.

Upande wetu

Reli ilikusudiwa kulisha jeshi la Japani nchini Burma, na jeshi hilo ndilo lililoshambulia Imphal, India, Machi 1944, likashindwa na kurudi nyuma likiwa na njaa. Waliolifukuza kwenye Bonde la Kabaw kuanzia Agosti mwaka huo walikuwa askari wa keya, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: vijana kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, wakipeana amri kwa Kiswahili kwenye matope ya Asia. Desemba 2 waliingia Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Wengine hawakurudi. Waliokufa bila kaburi linalojulikana wamo kwenye mnara wa Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, ile Rangoon ya zamani, wenye majina karibu 27,000. Aliyekuwa na namba ya jeshi, hata akiwa mtoto wa mkulima wa Songea, alikuwa na nafasi ya kuchongwa kwenye jiwe.

Kuanguka kwa Malaya kulitufikia kwa njia nyingine ambayo haizungumzwi sana. Waingereza walipopoteza mpira wa Malaya na katani ya Ufilipino kwa pamoja, macho yaligeukia Tanganyika na Kenya. Mkonge ukawa mali ya vita. Mashamba ya mpira ya enzi ya Wajerumani, yaliyokuwa yameachwa, yakafufuliwa. Na kwa kuwa watu hawakujitokeza kwa ujira uliokuwepo, serikali ilirudisha shokoa kwa sheria za vita: wakuu wa wilaya waliwapangia machifu na majumbe idadi ya wanaume, na maelfu wakapelekwa mashambani bila kuulizwa. Tukio lile lile lililomfukuza mgema mpira wa Kitamili kazini na kumtupa relini, lilimtoa mtu wa Dodoma nyumbani kwake kwenda kugema mpira badala yake. Sisemi hali zilikuwa sawa. Tanga haikuwa Konyu. Nasema kwamba bosi wa kila upande alipokosa watu alitumia kamba.

Na kutokana na vita iliyotangulia ile, tunayo hesabu yetu isiyo na majina. Wapagazi wa Kariakoo waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika kumfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara damu, malaria na njaa, orodha karibu ile ile ya Burma. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kujichunguza ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wanaofika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ikaomba radhi. Ni tume hiyo hiyo inayopunguza nyasi za Kanchanaburi.

Kazi ya kuwatafuta majina haijafungwa. Mafaili ya Idara ya Kazi ya enzi ya mkoloni, na yale ya wakuu wa wilaya walioagizwa watoe watu, yamo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Yameandikwa kwa taipureta, mengine yameliwa na mende pembeni, na yanasomeka. Mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya shahada ya uzamili angeweza kuchagua wilaya moja na mwaka mmoja, tuseme Kondoa, 1943, akaanza kuandika.